Jirani wa Muuzaji

Mwindaji wa Ukambani wa zamani hakununua sumu ya mishale kwa kusikia sifa zake. Ilipikwa kwa saa nyingi kutoka kwa mti ambao Wakamba wanauita kivai, ikakolea hadi ikawa nyeusi na nzito, na kwa macho matupu hakuna aliyeweza kutenga iliyo kali na iliyokwisha nguvu. Kwa hivyo ilijaribiwa. Mtu alijichanja kidogo kwa ncha ya kisu, akaacha damu itiririke, kisha akagusisha sumu mwisho wa mchirizi ule, mbali na jeraha. Sumu ikiwa hai, damu iligeuka nyeusi na weusi ukaanza kupanda. Aliufuta upesi kabla haujafika kwenye chanjo. Wazungu walioandika habari za wawindaji wa Kikamba na Kiwaata karne iliyopita walilieleza jaribio hilo kwa mshangao, ingawa hakuna la kushangaza hapo. Anayekwenda kumkabili ndovu kwa uta na mshale hana nafasi ya kutapeliwa.

Mshale wenyewe nao ulikuwa na alama. Msweden Gerhard Lindblom, aliyetoa kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1920, aliandika habari za alama hizo za umiliki. Mnyama akikimbia na kuangukia mbali, alama ndiyo iliyosema ni mali ya nani, na mwenye alama alikuwa na ukoo unaojulikana, na ukoo ulikuwa na wazee wa kuulizwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Podo zimebaki ukutani na katika makumbusho. Mtu wa Kathiani anayetafuta vifaa vya shabaha leo, awe mwenye bastola kwa cheti anayetaka mkanda na mfuko wake, mlinzi anayetaka darubini, au kijana wa Mitaboni aliyevutiwa na mabuti ya kijeshi, hatafuti fundi chini ya vilima vya Iveti. Anafungua simu. Anakuta duka: picha safi, bei ya chini, nembo yenye tai au fuvu, na maneno ya kumhakikishia kwamba wateja elfu kadhaa wameridhika. Anabonyeza, anahamishiwa WhatsApp, na huko anapokewa kwa heshima zote. "Boss, zimebaki mbili tu. Tuma nusu nikuwekee." Anatuma. Kesho anaambiwa kuna ada ya forodha, keshokutwa kuna bima ya mzigo. Siku anayokataa kulipa tena, simu inamjibu "mteja hapatikani".

Utapeli wa aina hii ulishamiri sana Marekani mwaka 2020, wakati korona na hofu za kisiasa zilipofanya risasi ziadimike madukani. Rafu za maduka halali zilikuwa tupu, lakini tovuti zilizozuka usiku mmoja zilikuwa na kila kitu, kwa bei za miaka ya nyuma. Nyingi ziliiba picha, anwani na hata jina la duka la kweli, zikabadilisha herufi moja. Malipo yalitakiwa kwa njia isiyorudishika kwa urahisi: sarafu za kidijitali, kadi za zawadi, au kutuma pesa moja kwa moja kwa mtu. Huku kwetu njia hiyo ni M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na ulaghai umeizoea kuliko tulivyoizoea sisi.

Namna ya kumtambua tapeli itakuja. Lipo swali linalotangulia, na Jumapili baada ya ibada hujibiwa haraka mno: aliyetapeliwa ana kosa?

Wengine husema tamaa ndiyo iliyomponza, avune alichopanda. Wengine humwonea huruma na kusema alikuwa mtu wa imani tu. Majibu yote mawili yana walakini. La kwanza linamvika mwizi joho la mwalimu, kana kwamba alitumwa kutufundisha. La pili linaifanya imani kuwa ndugu wa ujinga, jambo ambalo hakuna mhubiri makini angelikubali akilifikiria kwa dakika mbili.

Mwaka 1877 mwanahisabati wa Kiingereza, W. K. Clifford, aliandika insha kali kuhusu maadili ya kuamini. Alimtolea mfano mwenye meli aliyeshuku kwamba chombo chake ni kibovu, lakini akajituliza: meli imekwenda safari nyingi na kurudi, Mungu atawalinda abiria. Akaiachia iende. Ilizama, naye akalipwa bima. Clifford alisema mtu huyo ana damu mikononi, na kwamba hata meli ingefika salama angekuwa na hatia ileile, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Kwake yeye, kuamini pasipo ushahidi wa kutosha ni kosa, popote na kwa yeyote.

William James wa Harvard alimjibu mwaka 1896. Alisema yapo mambo ambayo usipoyaamini kwanza hayatatokea kamwe. Urafiki ni mojawapo, na biashara pia. Anayedai uthibitisho wa kila kitu kabla ya kutoa mkono hatapata rafiki wala mteja. James yuko karibu zaidi na maisha ya Kathiani, ambako matunda, mahindi na ng'ombe vimeuzwa kwa ahadi tangu enzi, na ambako mtu hutumiwa mzigo kwa matatu kutoka Nairobi na dereva asiyemfahamu, ukafika.

Lakini wote wawili walimwazia mtu mmoja akiamua peke yake moyoni. Hapo ndipo Ukambani ina neno la kuwaongezea.

John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa aliyesomwa dunia nzima. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alishikilia kwamba mtu hayupo peke yake: uhai wake, jina lake na haki zake vinatokana na wengine, walio hai na waliotangulia. Wapo waliomkosoa Mbiti, hasa kwa nadharia yake ya wakati, aliposema kwamba katika fikra za jadi kuna sasa na zamani lakini hakuna mustakabali mrefu. (Ukinunua kitu mtandaoni ukaambiwa kitafika wiki ijayo, unaweza kushawishika kumwunga mkono.) Kuhusu mtu na jamii, hata hivyo, hoja yake inagusa moja kwa moja jambo hili la kutapeliwa. Kama mtu hujulikana kupitia wengine, basi kuaminiana hakujawahi kuwa shughuli ya watu wawili. Daima kuna wa tatu: shahidi, mzee, mwenye alama, jirani.

Kiapo cha kithitu kilisimama juu ya msingi huo. Aliyeapia kithitu kwa uongo katika kesi ya deni au mifugo aliaminiwa kuwa atakufa, na kifo hicho kuwafuata jamaa zake. Kwa hivyo jamaa zake walikuwa na kila sababu ya kumkalia kooni kabla hajaapa. Mtu anaweza kuwa haamini nguvu ya kithitu na bado akaona busara yake: kilimfanya mwongo awe na watu wa kumshika mkono.

Visa vya kale vya udanganyifu vinaonyesha jambo lilelile, tena kwa namna inayoshtua ukivisoma kwa jicho la mnunuzi wa mtandaoni. Isaka wa Biblia, mzee na kipofu, hakuwa mzembe. Alimpapasa Yakobo, mwanawe aliyejifanya kaka yake Esau, akamnusa, akamwuliza jina zaidi ya mara moja. Aliona hata hitilafu, kwamba mikono ni ya Esau na sauti ni ya mwingine, akaipuuza. Shida yake ni kwamba kila kitu alichokipima kililetwa na upande uleule uliotaka kumdanganya: ngozi za mbuzi, mavazi, chakula. Hakumwita mtu mwingine hemani.

Wagibeoni walipomwendea Yoshua walivaa viatu vilivyotiwa viraka na kubeba mkate uliokauka, wakadai wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli walikagua mkate. Ulikuwa mkavu kweli. Wakafanya agano, na baada ya siku tatu tu wakasikia kwamba watu wale ni majirani zao.

Cicero naye, mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia habari za Mrumi aitwaye Canius aliyetaka bustani kando ya bahari huko Syracuse. Pythius, mwenye benki, alimwalika chakula katika bustani yake, na siku hiyo bahari ilijaa mashua, wavuvi wakimwaga samaki miguuni pa mwenyeji. Canius akanunua papo hapo kwa bei aliyotajiwa. Kesho yake alifika mapema na rafiki zake, asione hata kasia. Akamwuliza jirani kama wavuvi wana sikukuu. Jirani akajibu kwamba hajui sikukuu yoyote. Hapa hakuna anayevua, na jana hata yeye alishangaa.

Jirani yule alikuwepo tangu mwanzo. Angeulizwa siku moja kabla, Canius angebaki na pesa zake. Kinachoumiza zaidi ni wavuvi. Canius hakumwamini Pythius kwa neno lake tupu, aliona umati. Kumbe umati ulipangwa na muuzaji. Maoni ya wateja walioridhika katika tovuti ya kitapeli, yote ya nyota tano, yote yameandikwa wiki moja, kwa Kiingereza kilekile, ni wavuvi wa Pythius.

Wakenya walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Miaka ya 2006 na 2007 mipango ya piramidi ilienea kama neema, na ule wa DECI uliongea lugha ya kanisani: wanachama walipanda mbegu na kungoja mavuno. Jopokazi lililoongozwa na Francis Nyenze, mwanasiasa wa Kitui, lilikuta kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Tanzania nayo ilikumbwa, hadi serikali ikaifunga DECI mwaka 2009. Pale hakukosekana jirani. Majirani wote walikuwa ndani, na wa mwanzo walikuwa wamelipwa kweli. Kwa hivyo haitoshi kusema uliza jirani. Lazima awe jirani ambaye muuzaji hakumchagua wala hakumlipa.

Waislamu wana kisa cha Mtume Muhammad akipita sokoni Madina. Alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona basi hakuweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamkana mdanganyifu kuwa si wa jamaa yake. Mara nyingi kisa hiki husomwa kama onyo kwa muuzaji, na ndivyo kilivyo. Lakini mkono ulioingia kwenye nafaka haukuwa wa mnunuzi. Ulikuwa wa mpita njia aliyeona kwamba uaminifu wa soko unamhusu.

Kwa duka la mtandaoni, mkono huo unatoka wapi? Unatoka sehemu kadhaa, na karibu zote ni bure. Daftari za majina ya tovuti huonyesha jina lilisajiliwa lini. Yale yanayoishia na .ke yako chini ya KENIC. Duka linalojisifu kwa miaka 20 ya huduma ilhali jina lake lilisajiliwa mwezi uliopita limejibu swali lote. Picha ya bidhaa ikitafutwa kwa picha, mara nyingi hujitokeza katika duka jingine la nchi nyingine, ambalo ndilo lenye mali. Anwani hutazamwa kwenye ramani, au bora zaidi hupelekewa binamu anayefanya kazi mjini akapite hapo. M-Pesa yenyewe huonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Duka likijiita kampuni na jina linalojitokeza ni la mtu binafsi, huyo ni Yakobo kwa sauti. Alama ya kufuli juu ya ukurasa haisemi lolote kuhusu tabia ya mwenye duka. Inasema tu kwamba maneno yako yanasafiri yamefungwa, hata kama yanasafiri kwenda kwa mwizi.

Na upande wa risasi na silaha hakuna haja ya upelelezi wote huo. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, inamtaka mnunuzi awe na cheti, nacho hutaja silaha na kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Muuzaji lazima awe amesajiliwa, na hawezi kumwuzia asiye na cheti. Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo jirani hapa, mkubwa na mwenye daftari. Tovuti inayoahidi kukuletea risasi Kathiani kwa bodaboda bila kuuliza cheti ni ya tapeli, au ni ya mhalifu mbaya kuliko tapeli.

Tapeli anapenda bidhaa ya namna hii si kwa faida yake tu. Anaipenda kwa sababu mnunuzi wake hatakwenda polisi. Atasema nini? Kwamba alitaka risasi bila cheti na hazikuja? Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya imeirithi sehemu kubwa, ilikwisha kuamua, katika kesi ya jaji Lord Mansfield mwaka 1775, kwamba mahakama haimsaidii mtu anayejenga dai lake juu ya tendo haramu. Tapeli wa silaha hahitaji kuijua kesi hiyo. Anajua tu kwamba mteja wake amejitenga na majirani wote, kuanzia mke wake hadi OCS, kabla hata ya kutuma shilingi ya kwanza.

Kwa mnunuzi huyo kuna makosa mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kutafuta risasi kinyume cha sheria ni kosa lake, na atalijibu. Kuibiwa si kosa lake. Ni la mwizi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamlenga mlaghai na haipunguzi hatia yake eti kwa kuwa aliyelaghaiwa alikuwa na tamaa. Wahubiri wetu wanaoikamata tamaa ya mnunuzi kwa saa nzima na kuupitia wizi wa muuzaji kwa sentensi moja wamegeuza mizani.

Vipi basi yule mlinzi aliyetaka darubini, asiyevunja sheria yoyote? Clifford angemhukumu, James angemsamehe. Hukumu ya haki iko mahali pengine. Hakukosea kwa kuamini. Alikosea kwa kukubali kuamini faraghani. Muuzaji alimtoa sokoni akampeleka chumba cha ndani cha WhatsApp, akamwambia afanye hima, zimebaki mbili, usingoje mtu. Alipokubali kuharakishwa namna hiyo, alipoteza jamaa na marafiki ambao wangemwuliza swali moja la kipuuzi na kumwokoa. Kosa hilo ni dogo, la kibinadamu, na halihitaji toba ya machozi. Ila lina pacha wake mkubwa zaidi, nalo ni ukimya wa baadaye.

Kwa maana watu wengi waliotapeliwa hawasemi. Shilingi elfu sita zinauma, lakini kuchekwa kunauma zaidi, na utani wa Wakenya kuhusu ujumbe wa "tuma kwa hii namba" kutoka gereza la Kamiti umefanya kutapeliwa kuwa kichekesho cha mezani. Aliyeumizwa anafuta mazungumzo, anajisemea yameisha. Hayajaisha. Nambari ileile inampata mtu wa Kaani wiki inayofuata, na duka lilelile linabadilisha herufi moja ya jina lake. Hapa ule ukali wa Clifford una mahali pake: meli mbovu ikijulikana na mtu akanyamaza, lawama ya abiria wa safari ijayo iko juu yake.

James alitoa mfano unaofaa kuliko yote. Majambazi wachache, alisema, wanaweza kupora treni nzima ya watu wenye ujasiri, kwa sababu majambazi wanategemeana na kila abiria anaogopa kwamba akisimama hatafuatwa na mwingine. Abiria wakiaminiana, wizi hauanzi kabisa. Matapeli wa mtandaoni wanategemeana sana: mmoja huandika tovuti, mwingine hukodisha laini za simu, wa tatu hutoa pesa kwa wakala. Abiria ndio wamekaa kila mmoja kivyake, macho chini.

Makanisa ya Kathiani yana nafasi ya matangazo kila Jumapili, vyama vya akina mama vina kikao, na mabaraza ya chifu huita watu kwa mambo madogo kuliko haya. Wazee wa kanisa wanaombwa watoe dakika tano kwa aliyeibiwa asimame aseme jina la duka na nambari iliyotumika, na wahakikishe hakuna anayecheka. Nawe uliyetuma pesa usipate mzigo, wahi kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kabla mpokeaji hajatoa, ujumbe wa ulaghai uupeleke 333, uende kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB, kisha uwaambie watu wa chama chako siku hiyohiyo.